Vitumbua, stelingi na besiboli

Jamani leo nimeamua niandike tu kuhusu vitu ninavyovipenda, maana kila siku ni bili, siasa na makaratasi ya uhamiaji, mtu unaweza ukasahau kama una roho inayofurahi. Vyangu ni vitatu: msosi, filamu za utotoni na besiboli. Ndiyo, besiboli. Mimi mtoto wa Tandika, Simba damu, lakini huku Chicago nimepata penzi la pili na wala sijutii.

Tuanze na msosi. Na nikisema msosi kwanza kabisa nasema kitumbua. Bibi alikuwa analoweka mchele, jioni unasagwa na tui zito, anatia hiliki aliyoitwanga mwenyewe, sukari, hamira kidogo, anafunika, usiku kucha unaumuka halafu alfajiri chuma kinabandikwa jikoni na harufu yake ndiyo inayokuamsha, huhitaji kuitwa mara mbili. Kinachonimaliza mimi ni ule ukingo wa pembeni, ule uliokaukia mafuta ukawa wa kahawia na unavunjika ukiubana, wakati katikati bado laini kuna vitundu vitundu. Huku nilisumbuka nao sana mpaka nilipopelekwa Devon Avenue kwenye maduka ya Wahindi, nikakuta wana kikaango cha mashimo wanachopikia vitu vyao vya mchele, nazi iliyokunwa ipo kwenye friza, hiliki ipo, yaani kila kitu. Ushauri wangu kwa mlio ughaibuni: achaneni na unga wa mchele wa pakiti, loweka mchele, saga mwenyewe, utaniombea dua.

Na Chicago nayo ina chakula chake bwana. Hotidogi ya hapa wanaitia haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki, vipilipili vya siki na chumvi yenye seleri, mkate wake una mbegu ndogo nyeusi juu. Tomato sosi hawataki hata kuisikia, na mimi kwa hilo niko upande wao kabisa, ule uchachu wote wa siki ukiumwagia sukari unauharibu.

Sasa filamu. Waliokulia uswahilini wanakijua kibanda umiza: mabenchi ya mbao, joto, mapazia meusi, TV moja imewekwa juu na spika inayokoroma. Sisi tulizipata picha za nje zikiwa zimetafsiriwa, na mfalme wa kazi hiyo alikuwa Derek Mukandala, tuliyemjua wote kama Lufufu. Yule hakuwa anatafsiri tu maneno, alikuwa anakusimulia, anakwambia huyu jamaa ana roho mbaya mtazame vizuri, anakueleza kwa nini yule mama analia, na wewe mtoto ambaye hujui Kichina wala Kihindi unatoka pale unaijua hadithi kuliko walioitengeneza. Jackie Chan tulikuwa hatutoki hata picha ikiisha, kwa sababu mwishoni kabisa anaonyesha alivyokuwa anaanguka na kuumia wakati wa kurekodi, na hiyo ilitufanya tumpende mara mbili.

Sheria yetu ilikuwa moja, stelingi hafi. Basi siku tukaonyeshwa Sholay, ya mwaka 1975, zaidi ya saa tatu, Amitabh Bachchan na Dharmendra, mastelingi wawili, na Amitabh ana sarafu yake anairusha kila wakitaka kuamua jambo. Amitabh anakufa. Kibanda kizima kimya. Halafu mwenzake anaiokota ile sarafu anaigeuza, kumbe pande zote mbili zinafanana, ina maana muda wote rafiki yake alikuwa anajichagulia mwenyewe njia ya hatari. Mpaka leo nikiielezea sehemu hiyo sauti inabadilika.

Besiboli nilifundishwa na mzee mmoja niliyekaa naye jirani pale Wrigley Field, uwanja wa Cubs, timu ya besiboli ya hapa Chicago, uliofunguliwa mwaka 1914. Nilikuwa sielewi kitu, naona watu wamesimama tu. Yule mzee akanipa penseli na karatasi ya kujazia mchezo akaanza kunielekeza mpira kwa mpira, na mimi moyoni nikasema huyu ndiye Lufufu wa huku. Mpigaji akikosa mara tatu unaandika K, lakini kama kwenye mpira wa mwisho hakulizungusha rungu kabisa, aliduwaa tu akautazama unapita, ile K unaiandika imegeuka. Ukuta wa nyuma umeota mimea inayotambaa na mpira ukinasa kwenye majani, mdakaji ananyoosha mikono juu na mpigaji anapewa kituo cha pili kati ya vinne anavyotakiwa kuvikimbilia. Taa za usiku hawakuweka mpaka 1988, ndiyo maana mpaka leo mechi zao nyingi ni za mchana, jua, upepo wa ziwa, na karanga za maganda unazibandua na kutupa maganda chini ya miguu yako na hakuna anayekusema.

Na humo stelingi anashindwa kila siku! Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi ni hodari kwelikweli. Cubs wenyewe walichukua ubingwa 1908 wakakaa mpaka 2016 ndiyo wakachukua tena, mechi ya saba kule Cleveland, 8 kwa 7, raundi ya kumi, katikati mvua ikasimamisha mchezo na mimi sebuleni naomba dua zote ninazozijua.

Halafu kuna hili, kila Mwafrika alijue: tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu ya Marekani. Alikuwa timu ya Pittsburgh, wanacheza na Cubs hawa hawa, mrushaji ni Jon Lester, na mara yake ya kwanza kushika rungu akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama. Dhidi ya timu yangu, na nilishangilia.

Na nyumbani je? Pale Azania sekondari, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, ulizinduliwa 2018, wameuita Koshien kama ule wao maarufu wa wanafunzi. Likizo ijayo lazima nifike. Mwenye ratiba ya mashindano ya shule aniandikie tafadhali, karanga za maganda nitanunua mimi, na kwa asiyeelewa sheria aje akae karibu yangu, penseli nitakuja nazo.