Siku Moja Maishani Mwangu: Mchambuzi wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Saa mbili asubuhi. Ni Jumanne ya Januari hapa Oxford, Uingereza, na takwimu za wagonjwa kutoka vituo vya madaktari wa familia, za wiki iliyoishia Jumapili, zimekwisha kuingia. Mtandao wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Familia, ulioanzishwa mwaka 1957, hufuatilia magonjwa kupitia kumbukumbu hizi. Kwa kuwa karibu kila mkazi amesajiliwa kwa daktari wa familia, tunajua idadi ya wagonjwa na pia ya wote wanaohudumiwa, na ndiyo maana tunaweza kusema ni wangapi wameugua katika kila watu 100,000.

Saa tatu. Majina hayatufikii, na namba ya NHS (huduma ya afya ya taifa) yenye tarakimu 10 hugeuzwa alama isiyomtambulisha mtu. Ninachokiona ni umri, jinsia, tarehe na msimbo wa ugonjwa.

Saa nne. Mkamba umepanda ghafla katika kituo kimoja, ilhali majirani wake wametulia. Nashuka mstari kwa mstari: mwanamke wa miaka 71, mkamba, Jumatatu; alama ileile, msimbo uleule, Alhamisi. Je, ameugua upya au amerudi kuangaliwa tu? Ziara ya marudio ikiandikwa kama ugonjwa mpya, mtu mmoja huhesabiwa mara mbili, na mistari ya namna hiyo hapa ni mingi mno. Nawaandikia kituoni kuuliza.

Saa saba. Chakula, mbele ya kompyuta.

Saa nane. Majibu ya sampuli za pua na koo yanafika. Daktari huandika dalili zinazofanana na homa ya mafua. Maabara ndiyo inayotenganisha virusi vya mafua na vya korona.

Saa kumi. Grafu inaonyesha maradhi yakishuka wiki ya Krismasi, nami naongeza maelezo chini yake kwamba vituo vilifungwa siku za sikukuu, asije mtu akadhani wimbi limepita. Daktari William Pickles, aliyefuatilia mlipuko wa homa ya ini huko Wensleydale, bonde la vijijini kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1929, aliwajua wanavijiji wake na nani alimtembelea nani. Mimi, mwenye kumbukumbu nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo, simjui hata mgonjwa mmoja, na nakiri kwamba namwonea wivu.

Saa kumi na moja. Natuma rasimu ya ripoti. Kile kituo chenye mkamba nimekiweka nje ya hesabu mpaka kitakapojibu.