Wimbo wa kumi ulikatika katikati

Jumapili usiku

Mjomba yupo. Kaingia kutoka Maskati tangu Alhamisi, na leo baada ya Isha nikamtolea ile kanda. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Hii ndiyo ile?"

Ndiyo ile. Kaseti ya dakika 90, karatasi yake imeshakuwa rangi ya chai, na mwandiko wake mwenyewe wa mwaka 1992 bado unasomeka. Nyimbo 17 kwa herufi za Kizungu, moja chini ya mwenziwe, zimenyooka kama daftari la duka. Mstari wa mwisho kabisa kauandika kwa herufi za Kiarabu.

Nilikuwa na miaka 11 iliponifikia, imefungwa ndani ya nguo za Idi pamoja na kopo la halua. Mjomba alikuwa amenunua sidii ya Greatest Hits II ya Queen, kundi la roki la Uingereza, mkusanyiko wa pili wa nyimbo zao zilizovuma, na kwa kuwa sisi nyumbani hatukuwa na cha kuchezea sidii, akakaa usiku mmoja akaihamishia kwenye kanda. Katika barua yake aliandika kwamba huyu anayeimba, Freddie Mercury, ni mtoto wa mji wetu, kazaliwa hapa hapa Unguja, na kwamba ameshafariki. Sikuwa na habari. Mimi wakati ule nikidhani watu wa kwenye kanda za Kizungu wote wanatoka mahali pamoja, mbali sana, ambako hakuna anayekwenda.

Sidii ile ina dakika zipatazo 76, na upande mmoja wa kaseti ni dakika 45. Kwa hiyo wimbo wa kumi, Headlong, ulikatika. Freddie yumo mbioni, gitaa linakimbia naye, mara tk, kimya. Lazima uinuke ugeuze upande. Kwa miaka mingi mimi niliujua hivyo hivyo, na hata leo nikiusikia kwenye simu mpaka mwisho, pale panapokatika kwenye kanda yangu moyo hujiweka tayari.

Watu wa kwetu wakimzungumza Freddie huanza na ile Bismillah ya kwenye wimbo wao Bohemian Rhapsody. Au huanza na nyumba ya Shangani, pale Barabara ya Kenyatta, ambapo tangu 2019 pana makumbusho na wageni hupanga foleni kupiga picha mlangoni. Mimi humwanzia kwenye mkusanyiko huu wa pili, na kila nikizidi kukua naona sikukosea.

Ule wa kwanza, wa 1981, ndio mashuhuri zaidi. Ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza, na ndimo Bohemian Rhapsody ilimo. Ni kazi ya vijana waliopanda ngazi mbili mbili. Nimeusikiliza sana na naupenda. Lakini ule ni wa mtu aliyekuwa na wakati wote mbele yake. Wa pili umekusanya nyimbo za kuanzia 1981 hadi 1991, na ulitoka London tarehe 28 Oktoba 1991. Tarehe 23 Novemba Freddie akatoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Tarehe 24 jioni akafa, akiwa na miaka 45. Tangu mkusanyiko kuingia madukani mpaka roho kutoka zilipita siku 27.

Mwaka ule neno lenyewe mitaani kwetu lilikuwa halitamkwi. Watu wakisema "maradhi hayo", na kushusha sauti. Mjomba katika barua yake aliandika "maradhi" tu. Leo nimemuuliza kama alikuwa anajua. Akasema, "Nilijua, mwanangu. Lakini barua ile ilikuwa inasomwa na mama yako kwanza."

Kuna hesabu moja niliifanya nilipokuwa chuo, na haijanitoka kichwani. Mara ya mwisho Freddie kusimama na Queen kwenye tamasha ni Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Baada ya hapo walitoa The Miracle mwaka 1989 na Innuendo mwanzoni mwa 1991. Nyimbo nne za albamu ile na nne za hii zimo kwenye mkusanyiko. Maana yake, nyimbo nane kati ya 17 hakuwahi kuziimba jukwaani hata siku moja. Mtu ambaye mwaka 1985, pale uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la hisani la Live Aid, aliunyanyua umati mzima kwa mkono mmoja, karibu nusu ya mkusanyiko wake kaimba ndani ya chumba, mbele ya maikrofoni na wenziwe watatu.

Mimi hilo nalisikia. Kaa usikilize Innuendo, wa sita, wimbo wa zaidi ya dakika sita ambao katikati unageuka ukawa gitaa la Kihispania (kalipiga Steve Howe wa kundi la Yes, mgeni), kisha usikilize I Want to Break Free unaoutangulia, wa 1984. Huu wa 1984 unaimbwa na mtu anayejua atatazamwa. Ule mwingine unaimbwa na mtu ambaye hana tena mwili wa kuonyesha, na kila alichonacho kakimimina kwenye koo. Kwenye video ya I'm Going Slightly Mad, ya mwaka ule ule wa 1991, kapakwa poda nene na kupigwa picha nyeusi na nyeupe ili asionekane alivyokwisha. Sauti haikupakwa kitu.

Halafu kuna wa kumi na sita. The Show Must Go On kwa sehemu kubwa kauandika Brian May, mpiga gitaa wao, na ameshasimulia mara nyingi kwamba aliogopa kumpa Freddie, kwa sababu ulikuwa juu mno na mwenzake kwa kusimama tu alikuwa anajitahidi. Freddie akanywa funda la vodka, akasema ataufanya, akaufanya. Ulipotolewa peke yake Oktoba 1991, video yake ilibidi iunganishwe kwa vipande vya video za miaka ya nyuma, maana mwenyewe hawezi tena kwenda mbele ya kamera. Mimi huu siwezi kuusikiliza nikifanya kazi. Nikiwa naosha vyombo naacha, nakaa.

Nilipokuwa msichana nilikuwa naizima kanda baada ya huo. Niliona ndipo inapostahili kwisha. Wa kumi na saba, One Vision, ulinikera: makelele, ngoma, shangwe, kama watu wanaopiga vigelegele kabla matanga hayajaanuliwa. Ni wimbo wa 1985, wa baada ya Live Aid, walipokuwa na furaha hawajui wapi pa kuiweka. Nikijiuliza ni nani aliyepanga hivi, kwa nini asiuweke mbele, akaacha wa kumi na sita ufunge.

Sasa naona vingine, na nitasema ninavyoona. Waliopanga mkusanyiko walikuwa na kila sababu ya kumfunga Freddie kwa kilio, wala hakuna ambaye angewalaumu. Hawakufanya hivyo. Wamemaliza kwa kelele za vijana, na ukitega sikio sekunde za mwisho kabisa, Freddie anataja kuku wa kukaanga. Ni mzaha wa studio walioamua usifutwe. Nilikuwa na zaidi ya miaka 30 nilipoyatambua yale maneno, nikarudisha nyuma mara tatu kuhakikisha. Neno la mwisho la mkusanyiko, siku 27 kabla ya mauti yake, ni chakula, na wanne wako pamoja chumbani wanafanya mzaha. Niliposhika hivyo nililia kuliko nilivyopata kuulilia wa kumi na sita.

Nimerudi kwenye kanda. Fundi wa Darajani alinitilia mpira mpya kwenye redio kaseti mwezi uliopita, na inazunguka vizuri, ila kitufe cha kurudisha nyuma hakishiki, kwa hiyo narudisha kwa peni kama zamani. Nilivyokuwa nazungusha Mjomba akaniangalia, akasema, "Mikono ya mama yako hiyo."

Tukasikiliza yote. Miguu kaiweka juu ya kiti, kikombe cha kahawa pembeni, macho kafumba. Kwenye Under Pressure akanionyesha kidole anapoingia David Bowie, mwimbaji mgeni, asiseme kitu. Ulipokatika wa kumi akafumbua macho.

"Pole," akasema. "Kanda ilikwisha. Niliona tabu kuanza upya, ilikuwa saa saba usiku na asubuhi nina kazi."

Nikamwambia hapana pole, ndivyo nilivyouzoea.

Upande wa pili una kama dakika 30 tu za Queen, kwa hiyo baada ya One Vision ilibaki nafasi. Hapo ndipo ulipo ule mstari wa herufi za Kiarabu. Kauwekea taarabu ya Ikhwani Safaa, klabu iliyokuwepo mjini tangu 1905, miaka 41 kabla Bulsara mdogo (ndilo jina la kwao Freddie) hajazaliwa. Mtoto yule alipelekwa shule Panchgani, India, akiwa na miaka minane hivi, akarudi 1963, na 1964 baada ya Mapinduzi familia yake ikahamia Uingereza. Aliishi kwetu muda mfupi. Lakini mji huu una vichochoro vyembamba, na fidla inayopigwa nyumba moja husikika nyumba ya tatu. Kanda ile imenizoesha kuwasikia pamoja, yeye na wale wazee, na sitaki kuachishwa.

Nilimuuliza Mjomba kwa nini aliweka taarabu pale. Tangu utoto nimejipangia majibu mengi: kwamba alitaka kumrudisha Freddie nyumbani, kwamba alikuwa na hamu na kwao. Akanishangaa.

"Nafasi ilibaki. Sahani ya jirani unairudisha tupu?"

Tulikuwa tumefika mwisho wa wa kumi na saba. Kuku wa kukaanga, kukwisha. Ukaja ule mvumo wa kanda isiyo na kitu, sekunde tano, sita. Kisha ganuni ikaanza, na fidla zikaifuata. Mjomba akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono akaongeza sauti.