RAM ya 3200 iliyogoma kuvuka 2133

Kompyuta yangu ya mezani niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika: prosesa ya Core i5-6500, ubao mama wenye chipseti (chipu inayoratibu ubao) ya H110 na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, moja ya aina ya DDR4, GB 4. Kwa kuchapa barua ilitosha. Nilipoanza kuhariri video za harusi ikawa inaganda kila mara, nikaamua kuiongezea RAM.

Dukani nilichagua ya GB 8 iliyoandikwa kasi ya 3200. Ile ya zamani ilikuwa ya 2133, nikaichomoa kabisa isije ikamvuta mwenzake nyuma. Kompyuta ilipowaka nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha hali ya kompyuta: 2133. Nikapakua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya kompyuta, kuhakikisha, nayo ikasoma 1066! Nililala na hasira. Asubuhi nilifika dukani kabla hawajamaliza kupanga bidhaa.

"Kaka, RAM ni nzima," fundi akaniambia. Akaichomeka kwenye mashine mpya zaidi, ikasoma 3200 palepale.

Nashukuru alikaa chini akanielewesha. DDR husafirisha data mara mbili katika kila pigo la saa yake, kwa hiyo mapigo milioni 1066 kwa sekunde ya CPU-Z na safari milioni 2133 za Task Manager ni kasi ileile. Na 3200 ya kwenye lebo ni kasi ambayo RAM inaiweza, lakini anayeiendesha ni prosesa, na i5-6500 imetengenezwa kwa DDR4 ya 2133. Ubao wa H110 nao hauruhusu kupandisha zaidi ya hapo. RAM ikikuta hivyo hushuka, ikafanya kazi bila tatizo lolote.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mbona sloti moja ya kuchomekea RAM umeiacha wazi?"

Hapo ndipo nilipopoteza zaidi. Kila safari ya data hubeba baiti 8. Zidisha kwa safari milioni 2133 za kila sekunde unapata takriban megabaiti 17,000 kwa sekunde, ndiyo maana lebo nyingine huandikwa PC4-17000. Ya 3200 huandikwa PC4-25600. Ubao wangu una njia mbili kwenda kwenye prosesa, kila sloti na yake. RAM mbili za 2133 zikienda pamoja hufikia 34,000, kuipita hata ile 25,600 niliyokuwa naililia.

Nikabadilisha: nikarudisha ya 3200, nikaongeza pesa kidogo, nikachukua mbili za GB 8 zilizotumika, zote 2133, zenye lebo zinazofanana hadi herufi ya mwisho. Nyumbani CPU-Z ikaandika Dual, yaani njia zote mbili zinatumika.

Nadhani nafuu kubwa imetokana na kuwa na GB 16 kuliko kasi yenyewe, maana video hula nafasi kwelikweli. Harusi iliyofuata ilikuwa ya saa tatu, niliihariri mpaka mwisho na kompyuta haikuganda hata mara moja.