Masuku yangu ya kubebesha

Mwaka 2008 niliotesha mbegu za masuku, matunda ya mti wa porini uitwao msuku, nyuma ya nyumba, huku Songea Vijijini. Watu walinishangaa: masuku si yamejaa porini? Ni kweli, lakini pori lilikuwa linafyekwa kwa mahindi na mkaa, na kila msimu tulikwenda mbali zaidi kujaza sado moja.

Mbegu za kwanza zilikataa kuota. Nilizianika kama za mahindi, kumbe mbegu ya msuku ikikauka imekufa. Za pili nilizipanda siku ileile tulipokula matunda, kwenye viriba vya udongo niliouchota chini ya msuku mkubwa, maana mizizi yake huishi na kuvu wa udongo ule. Miche 26 ikashika.

Nikasubiri miaka kumi. Ilipotoa maua, bibi aliikagua mmoja mmoja, akasema, "Mjukuu wangu, hii mingi ni midume. Usiingoje." Misuku ina dume na jike kama mipapai, na ukiutazama mche huwezi kujua. 15 ilikuwa midume. Niliumia sana.

Kilichoniokoa ni ufundi wa korosho. Shemeji yangu wa Tunduru hubebesha mikorosho, yaani huunga kijiti cha mti mzuri juu ya mche mwingine, tukakubaliana tujaribu kwa misuku. Nikaotesha miche mipya ya kubebeshea. Mti wa kuchukua vikonyo, yaani vijiti vya kuunga, nilionyeshwa na watoto wa kijiji, kwani wanaijua misuku yote ya porini kwa utamu wake. Wote walinipeleka kwenye mmoja tu, kilimani penye changarawe: masuku yake yana nyama nyingi na mbegu ndogo.

Septemba 2020, macho yakiwa bado hayajachipua, tulikata vikonyo, tukavipukutisha majani na kuvifunga kwenye kitambaa kibichi. Mche tuliupasua katikati, kikonyo tukakichonga kabari na kukichomeka hadi ganda likutane na ganda, tukakaza kwa utepe wa nailoni. Kati ya 30, 17 vilishika.

Mwaka wa nne ikazaa, mingine ikiwa kimo cha kifua changu. Nayachuma kwa mkono, na hapo ndipo faida ilipo: suku la kutikiswa likaanguka hupasuka na kuchacha upesi, ila haya yangu hufika barabarani mazima na abiria wa mabasi huyachagua kwanza.

Msimu huu nina viriba 60. Vikonyo natoa bure kwa yeyote anayekuja na kisu chake.