Sifuri iko wapi?

Haji ana swali moja la asubuhi. Chai haijafika, salamu zenyewe nusu nusu, ashauliza, "Kijana, sifuri iko wapi?" Mwaka wa kwanza nilikuwa naona mzee ananisumbua tu maana mwenyewe kompyuta haigusi, simu yake ni ile ya batani, ila mashine ni yake na mbao ni zake, na nikihesabu vitu tulivyowahi kuharibu hapa karibu vyote viliharibikia kwenye hiyo hiyo sifuri, yaani ile nukta mashine inapoanzia hesabu zake.

Tuko Katwe, Kampala, kule ukipita unasikia nyundo na grainda toka asubuhi mpaka giza, watu wanaunda mashine za kusaga mahindi, mageti, majiko, chochote utakacho. Sisi tuko upande wa mbao. Mi nimekulia Busia, Haji ni Mnubi wa Bombo, kwa hiyo kati yetu ni Kiswahili, mteja akiingia tunarukia Luganda. Mashine ni rauta ya CNC ya Kichina, yaani mashine ya kuchonga mbao inayofuata namba za kompyuta, meza yake milimita 1300 kwa 2500 hivi, bodi nzima ya futi 4 kwa 8 inalala bila shida, na inasoma faili kwenye flashi kupitia kidude cha mkononi kama rimoti.

Watu wakiiona inachonga wanadhani umeweka picha ndani na yenyewe ikaelewa. Wapi! Kwanza unachora umbo kwenye kompyuta, hiyo ndo CAD. Alafu unakuja CAM, hapo unaiambia programu mbao ni kubwa kiasi gani, biti, yaani kile kisu kinachozunguka, ni ya ngapi, ishuke kina gani kila ikipita, itembee spidi gani, na kubwa kuliko yote hesabu zianzie wapi. Yenyewe inachora njia ya biti, unatazama simulesheni, ikikuridhisha unaipitisha kwa postiprosesa, ambayo kazi yake ni kuandika hiyo njia kwa lahaja ya mashine yako. Kinachotoka ni mistari tu, G21 yaani tunahesabu kwa milimita, G0 nenda haraka hewani, G1 nenda huku unakata, G2 na G3 piga tao, M3 washa spindo inayozungusha biti, M30 tumemaliza. Marekani walionyesha mashine ya namna hii pale MIT mwaka 1952, ilikuwa inasoma tepu yenye matundu. Tepu imeondoka, flashi imekuja, ila mashine bado ni kipofu vile vile, haijui kama juu ya meza kuna mvule au kuna kiatu chako.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la inchi. Mbao Ndeeba zinauzwa kwa inchi na futi, mteja naye anaongea inchi, mi nikachora kwa inchi nikasahau kubadilisha, kidude kikasoma namba zile zile kama milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, gawa 600 kwa 25.4 uone kinachobaki. Badala ya korongo wa sentimita 60 tukapata korongo wa milimita 23 na nusu hivi, saizi ya kidole gumba, katikati ya ubao mkubwa. Haji alikaangalia hako kandege muda mrefu akasema, "Kazuri. Kanatafuta mama yake."

La pili liliuma zaidi. Ukinunua mbao ya inchi 2 huletewi milimita 50, msumeno ulikula zake, randa ikala zake, unabaki na 44 au 45, na kona hii na ile zinatofautiana. Mi kwenye CAM nikaandika 50, sifuri nikaweka juu ya mbao, nikaagiza ikate mpaka chini. Biti ikafuata amri, ikamaliza mbao kwenye 44, ikaendelea milimita 6 ndani ya meza. Kovu liko mpaka leo, Haji amekataa lisizibwe, anaweka hapo penseli yake.

Kuhusu programu zenyewe nitasema kidogo maana hapo kila mtu na dini yake. Aliyetuuzia mashine alituachia flashi yenye ArtCAM ya zamani, ya wizi kama zote zinazozunguka huku, na Autodesk wenyewe waliacha kuiuza 2018. Fusion yao nilijifunzia nyumbani, ni tamu sana, lakini ile ya bure ni ya matumizi binafsi, karakana ya biashara hairuhusiwi, alafu toka 2020 waliibana, ule mwendo wa haraka wa hewani inautoa kwa spidi ya kukata, kwa hiyo ukiwa na kazi ya kuruka ruka utalala hapo. Saa hii niko FreeCAD, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, ni bure kweli kweli, inagoma goma kwenye laptop yangu lakini haina mtu wa kunidai.

Sasa mlango wa mvule. Mteja alitaka paneli ya katikati iwe na korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera, paneli milimita 400 kwa 600. Kazi ya namna hii unapitisha biti mara mbili, kwanza biti bapa ya milimita 6 inaondoa nyama kubwa kubwa, alafu biti ya mviringo ya 3 inakuja kulainisha mstari kwa mstari. Ile nafasi kati ya mstari na mstari ndo inaamua utalala saa ngapi. Nikiweka milimita 0.3, upana wa 400 unakuwa na mistari kama 1,333, kila mmoja sentimita 60, jumla mita 800, kwa spidi ya mita 2.5 kwa dakika ni dakika 320, yaani saa 5 na dakika 20, na hapo hujahesabu mashine inavyopunguza mwendo kwenye mabonde ya manyoya. Nikiweka 0.5 inashuka mpaka saa 3 na dakika 12. Haji akasema mvule hauna haraka, weka 0.3.

Sifuri nikaiweka katikati ya paneli, juu ya mbao. Kwenye skrini inapendeza, korongo amekaa pande zote sawa, kushoto hasi kulia chanya, na katikati nilishaipata kwa penseli, mistari miwili toka kona mpaka kona. Biti ya 6 ikamaliza vizuri. Ya 3 ikaanza, ikaenda masaa matatu hivi, iko kwenye shingo, umeme ukaenda.

Hiyo peke yake haikuwa msiba, kidude huwa kinakumbuka mstari kilipoishia. Ila mota zetu zinahesabu hatua tu, hazina jicho, na bila umeme daraja la mashine, lile linalobeba spindo, linasukumika kwa mkono, na kijana wetu wa msasa akaona hii ndo nafasi ya kufagia maranda, akalisukuma mpaka mwisho wa meza. Swichi za homu, zile zinazoirudishia mashine kona yake ya kuanzia, zilikuwa zimekufa miezi miwili, kila wiki nasema nitanunua. Umeme ukarudi saa kumi jioni, nikaenda kutafuta alama yangu ya penseli. Alama iko wapi? Ilikuwa mgongoni kwa korongo, na mgongo umeshachongwa, sifuri yangu imekuwa vumbi, inafagiwa.

Nilikaa chini. Haji akaja, hakuuliza swali lake safari hii, akaomba uzi. Paneli ilikuwa bado imebanwa na klampu, haijasogea, na ukingo wake wa pembeni ulikuwa haujaguswa. Akavuta nyuzi mbili kona kwa kona juu kabisa, akanionyesha zinapokutana, "Si hapa?" Nikafunga biti ya ncha kali, nikaishusha mpaka inakaribia kugusa makutano, nikaweka sifuri ya X na Y, yaani ya kushoto-kulia na ya mbele-nyuma. Z, ile ya juu-chini, nikaichukua kwenye ukingo, kisha nikarudisha biti ya 3 na kuigusisha upya maana urefu ni tofauti, hapo ukisahau umekwisha. Nikarudi mistari michache nyuma, spindo ikawaka, mi nimeshika batani ya kusimamisha kama mtu ameshika mkono wa mgonjwa.

Ilipita nusu milimita pembeni. Kwenye shingo kuna kangazi kadogo, ukipitisha kidole unakasikia, Haji akakaondoa kwa patasi na msasa, mteja alipokuja aliusifu mlango na hasa shingo, tukanyamaza wote wawili.

Toka siku hiyo kwenye FreeCAD kila kazi naanzishia kona ya chini kushoto, na Z naiweka kwenye meza nikiwa nakata kutoboa, juu ya mbao nikiwa nachonga tu. Kwenye hiyo kona ya meza nimefunga kipande cha MDF, ile bodi ya unga wa mbao, kwa skrubu, nimetoboa tundu la milimita 6, biti ya 6 ikiingia humo bila kugusa ukuta najua niko nyumbani. Swichi za homu pia nimenunua, ndio, msiniulize bei.

Jumatatu tunaanza mlango mwingine, safari hii ni wa mbao ya musizi, mteja ni jirani wa yule wa kwanza. Nimeshapima kona zote nne: 44, 44, 43.5, 44. Haji amesema nipime tena Jumatatu, mbao inalala wikendi nayo.