Uzamili wa Elimu Maalumu kwa Mwalimu wa Pwani

Mwenzangu anayefundisha wanafunzi wasioona hapa Mombasa aliniuliza kama shahada ya uzamili katika elimu maalumu ina faida kwa mtu ambaye tayari ana stashahada ya KISE, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1986. Nilimjibu kuwa inategemea anachokitafuta. Stashahada humpa mwalimu stadi za darasani, kama vile nukta nundu (maandishi ya kupapasa ya wasioona) na mpango wa ufundishaji wa mwanafunzi mmoja mmoja. Uzamili humtaka afanye utafiti, na hapo ndipo wengi hukwama, hasa wanaofundisha mchana na kusoma usiku.

Ningependa tasnifu za uzamili, yaani ripoti za utafiti huo, zitoke madarasani mwetu. Mtoto anayepapasa ramani yenye mistari iliyoinuliwa, akafuata ufuo kwa kidole cha shahada mpaka Kilindini, kisha akauliza feri ya Likoni inapita wapi, ameibua swali zito: ramani ya kupapasa ibebe alama ngapi kabla hazijamchanganya msomaji? Kwa swali la namna hiyo, msimamizi wa tasnifu anayeifahamu kazi ana thamani kuliko jina la chuo, na nimemshauri mwenzangu amtafute kabla ya kujaza fomu yoyote.