Reli ya karanga kwenye ubao wa mwembe

Tangu mvua zilipokatika nimekuwa nikichonga mbao tano za mwembe hapa nyumbani Mtwara, ili nitoe picha za chapa kuhusu kituko kimoja cha kikoloni, mpango wa karanga. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza kufyeka mapori ya Tanganyika kule Kongwa, kisha Urambo na kwetu Nachingwea, ikinuia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Januari 1951 mpango ulivunjwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Kwa kuwa matrekta yalikuwa adimu, vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kiswahili kinampa mnyama na mtambo jina moja, kwa hiyo nimeipachika Shervick yangu pembe puani. Sijapata kuiona yenyewe, lakini hata Albrecht Dürer, aliyetoa chapa mashuhuri ya kifaru mwaka 1515, hakuwahi kumwona mnyama huyo, na alimwongezea pembe ndogo mgongoni.

Ubao ulionichosha ni wa reli. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ilijengwa bandari ya kina kirefu hapa Mtwara pamoja na njia ya reli ya kwenda huko bara; karanga za kuijaza hazikupatikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, ikang'olewa. Bandari ilibaki, na leo inasafirisha korosho. Katika chapa ya ubao, sehemu iliyochongwa haishiki wino, hivyo hubaki nyeupe kwenye karatasi. Nikaamua pori lote libaki jeusi, na reli niitoe kwa patasi, mfereji mmoja mwembamba kutoka ukingo hadi ukingo. Mara ya kwanza nilisahau kwamba maandishi huchongwa kinyume, nikapata kituo kinachosomeka AEWGNIHCAN, na kwa siku mbili nilifikiria kwa dhati kukiacha hivyo, maana hakikupishana sana na historia yake.

Mzee jirani yangu, aliyeipanda treni hiyo akiwa mtoto, aliitazama karatasi ikiwa bado mbichi. "Mjukuu wangu, hapa katikati umesahau kupaka wino." Nilimweleza kwamba hiyo ndiyo reli. Alinyamaza, kisha akaifuata njia ile kwa ukucha, bila kuigusa, hadi karibu na mwisho, akaniambia kwamba nimeweka kona mahali ambapo treni ilinyooka. Ubao ukishachongwa haurudishiwi kilichotolewa, kwa hiyo jana nimenunua wa sita.